Diski Iliyodaiwa Kupigwa Bambo

Mume wangu Lyamba akibeba mzigo wa mtu, hauweki chini mpaka aambiwe uwekwe wapi. Hata uwe mzito, atasimama nao mlangoni jasho linamtoka, anauliza, "Huu unakaa wapi?" Wengine wanamcheka. Mimi hicho ndicho kilichonifanya nimkubali. Alikuwa kuli pale stesheni ya Mpanda na mimi nauza uji. Siku moja alibeba gunia la karanga la mama mmoja wa Mwese, yule mama akapotelea kwenye msongamano. Lyamba alikaa na lile gunia tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi, mwenyewe aliporudi analia. Lyamba alikuwa ameshakunywa vikombe vitatu vya uji wangu. Cha tatu nilimpa bure.

Kwao ni Mwamkulu. Baba yake alitoka Shinyanga na ng'ombe arobaini akitafuta majani, ugonjwa wa ndigana ukawamaliza wakabaki sita, na Lyamba akatolewa shule darasa la nne akawachunge hao sita. Nao walipokufa akaja mjini. Kusoma anasoma kidogo, polepole, kidole kikiwa kwenye mstari. Mimi nilimaliza la saba, kwa hiyo barua zote za nyumbani nasoma mimi.

Sasa ukuli una jina baya, na lazima niseme kwa nini, maana ndipo mambo yalipoanzia. Kuna kitu kinaitwa bambo. Ni chuma chembamba chenye ncha, kina mfereji katikati. Mnunuzi anakichomeka kwenye gunia, mahindi machache yanachuruzika, anayaangalia bila kulifungua gunia. Lakini kuli mwizi naye anacho. Anachomeka, yanachuruzika kwenye mfuko wake, anachomoa, nyuzi za gunia zinajirudi zenyewe. Gunia linafika limeshonwa vizuri kabisa lakini limepungua kilo tano, kilo saba. Ndiyo maana hapa kwetu mtu akipokea mzigo wa treni anaupima kwanza, salamu baadaye.

Lyamba hakuwahi kushika bambo. Mradi wa visima ulipotafuta tarishi, mkuu wa stesheni alimtaja yeye. Akapata kazi, tukapata chumba Shanwe, Monika akazaliwa. Mimi nikawa nawapelekea chai na maandazi pale ofisini kwao Kashaulili, kila siku saa nne, mtoto mgongoni.

Ofisi ilikuwa na watu wanne. Bwana Salvatori ndiye mkuu, mtu wa kunyoosha shati, aliyesoma mpaka chuo. Theopista alikuwa karani, yeye ndiye anayeiendesha kompyuta. Silvester alikuwa dereva, mdomo wake haukai. Wa nne ni Lyamba.

Mwaka wa tisini na nane kompyuta yao ilijaa. Hesabu za visima vyote vya wilaya zilikuwa humo, haikubali tena kitu. Fundi alikuwa Tabora, kwa hiyo Lyamba alifungiwa kompyuta kwenye blanketi letu akapanda nayo treni, ikatiwe kile kinachotunza kumbukumbu, wanakiita diski, kikubwa kuliko cha zamani. Ilikuwa masika. Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamekula reli mbele ya Kaliua, treni ikakaa pale siku tatu. Alifika Jumanne jioni, macho mekundu, amekumbatia lile blanketi kama mgonjwa wake.

Jumatano nilipoingia na birika, wote walikuwa wamesimama mbele ya kompyuta. Hakuna aliyeitikia hodi yangu.

Bwana Salvatori alikuwa ameshika katoni tupu, ile ambayo diski mpya ilikuja nayo kutoka dukani. Fundi aliirudisha pamoja na kompyuta ili ionekane kimetiwa nini.

"Katoni inasema giga mbili nukta moja," alisema. "Kompyuta inasema giga moja nukta tisa sita. Lyamba, iliyobaki iko wapi?"

Lyamba alitazama chini ya meza. Kweli kabisa, aliinama akatazama, kama kuna kitu kimedondoka.

"Sijui, mkuu."

"Giga ni kitu gani, kwani?" nilimuuliza Theopista kwa sauti ya chini.

"Ni ukubwa wake. Kama vile gunia linaingia kiasi gani."

Silvester alisogea kwenye kioo cha kompyuta. Palikuwa na duara la rangi mbili, kubwa la pinki na kipande cha bluu pembeni.

"Hii imepigwa bambo," alisema. "Tazameni nyie wenyewe, hiki cha bluu ndicho wamemega."

"Hiyo ni sehemu iliyotumika, Silvester. Programu ndizo zimekaa hapo," alisema Theopista.

"Basi zimekaa kwenye shimo la bambo. Wewe Msukuma, makuli wa Kaliua ni wajomba zako, si umewaambia wachukue kidogo tu?"

Siku nyingine Lyamba angemjibu, maana wale wawili utani wao haukuwa na mwisho. Siku hiyo aliendelea kutazama chini ya meza.

Bwana Salvatori hakucheka. "Giga haichotwi kama mahindi," alisema. "Lakini diski kubwa inaweza kutolewa ikawekwa ndogo." Aligeuza kompyuta, akapitisha kidole nyuma yake. "Mfuniko huu una matundu manne. Skrubu ziko tatu."

Hapo nilimwona mume wangu anaingiza mkono mfukoni. Nilitamani auache humohumo. Alitoa kikaratasi kilichokunjwa, akakikunjua, skrubu ikawa imelala katikati.

"Ilidondoka pale Kaliua," alisema. "Nikaiokota kwenye blanketi."

Nilisikia birika likinichoma paja kupitia kanga, nikashindwa hata kulisogeza.

"Unatembea na skrubu ya kompyuta mfukoni tangu Kaliua," alisema Bwana Salvatori taratibu, "na hukusema."

"Nilikuwa nangoja niulizwe inakaa wapi."

Kwa anayemjua Lyamba, hilo lilikuwa jibu kamili. Kwa asiyemjua, lilikuwa jibu la mwizi. Bwana Salvatori alifungua kitabu cha kupokelea mizigo akaandika, huku akitamka kila neno: imepokelewa pungufu.

"Leo Jumatano," alisema. "Ijumaa asubuhi utanipa maelezo yako, niyaandike, yaende polisi. Uniambie Kaliua ulikuwa na nani, na ile diski kubwa mmempa nani."

Hakuna aliyekunywa chai. Nilirudi nyumbani na birika limejaa.

Silvester alikuwa ameshapita stesheni, maana jioni nilipofika bombani habari ilikuwa imenitangulia. Jirani yangu Zuhra alikuwa amekalia ndoo yake.

"Mama Monika, giga zinapikwaje? Maana tumesikia kwenu zipo."

Wenzake wakaangua kicheko.

"Zinataka mafuta mengi, shoga," nilimwambia. "Wewe hutaziweza."

Nilikinga maji yangu nikaondoka. Nusu ya maji ilinimwagikia njiani.

Lyamba alikuwa amekaa uani, Monika kamlalia kifuani. Ugali wake ulikuwa vilevile nilivyouacha, umeota ngozi juu.

"Baba Monika, nikuulize."

"Uliza."

"Kaliua ulilala wapi?"

"Behewani. Nimeikumbatia."

"Siku zote tatu?"

"Zote."

"Na usingizi ulilala?"

Alikuwa anamsugua mtoto mgongo kwa kidole kimoja.

"Ya kwanza sikulala. Ya pili sikulala. Ya tatu nililala, mama. Nilivyoamka kumekucha." Akanitazama. "Na skrubu ndiyo niliikuta asubuhi hiyo. Sasa hata mimi sijui. Labda walikuja."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia hakufanya kitu, au kusikia kuwa alifanya. Sikujiandaa kwa mtu asiyejijua.

"Nawaza nikubali," alisema. "Niseme nilizembea, walinibadilishia nikiwa nimelala. Huenda atanifukuza tu bila polisi."

"Usiseme usichokijua."

"Na nikinyamaza nikafungwa? Huyu atakula nini?"

Nilimchukua mtoto.

Alhamisi Bwana Salvatori alikwenda kukagua visima pamoja na Silvester. Nilimkuta Theopista peke yake. Tulikuwa tunapatana, alikuwa akimshika Monika mimi nikiosha vikombe.

"Dada Theo, nionyeshe jana mlikuwa mnaangalia nini."

"Utaelewa? Mimi mwenyewe naogopa hata kuligusa."

"Nione tu."

Akafungua. Lile duara likaja, na juu yake maandishi ya Kiingereza. Kiingereza sikijui, lakini namba ni namba. Nilitazama mstari ambao Theopista alisema ndio wa ukubwa wote. Upande wa kulia iliandikwa 1.96, na hiyo ndiyo waliyoisoma wote. Lakini katikati ya mstari uleule palikuwa na namba nyingine, ndefu, ina mikato mitatu: 2,111,537,152.

"Hii ndefu ni ya nini?"

"Hizo ni baiti. Ndiyo yenyewe, moja moja, kama punje."

Niliisoma kwa sauti kama tulivyofundishwa, nikianzia kushoto. "Bilioni mbili, milioni mia moja na kumi na moja, na hizo nyingine." Kisha nikachukua katoni. "Hapa mbili nukta moja. Dada, si ndiyo hiihii? Ukikata mkia, si mbili nukta moja?"

Theopista aliinamia kioo mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Sasa moja nukta tisa sita inatoka wapi?" alisema.

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Nilizungusha katoni. Chini kabisa palikuwa na vijimaandishi kama vya kwenye chupa ya dawa, na kati yao namba moja yenye sifuri nyingi. Nilizihesabu kwa ukucha. Tisa. "Hapa wameandika giga moja ni sawa na bilioni moja?"

"Ndiyo." Akakunja uso. "Lakini sisi hatukufundishwa hivyo."

Alivuta droo akatoa daftari la mafunzo, yale ya wiki mbili aliyokwenda Tabora. Aliandika vizuri, kwa wino wa rangi mbili. Kilobaiti 1 ni baiti 1024. Megabaiti 1 ni kilobaiti 1024. Gigabaiti 1 ni megabaiti 1024.

"Elfu moja ishirini na nne?" nilisema. "Kilo ya wapi hiyo?"

"Mwalimu alisema kompyuta inahesabu kwa kuzidisha mbili. Mbili, nne, nane, kumi na sita, unakwenda hivyo. Elfu yenyewe huipati, unaangukia hii ya jirani. Wakaiita kilo. Tukaambiwa tukariri, tukakariri."

Nilikaa kwenye kiti cha Bwana Salvatori bila kujua. Nilikuwa naiona nyumba ya mama mkwe kule Mwamkulu siku ya kuuza mahindi. Mnunuzi anapokuja shambani anataka debe lenye kilima, lumbesa yenyewe, analijaza mpaka yanamwagika pembeni. Mahindi hayohayo yakifika dukani kwa Nassib, yanapimwa kwa debe la kufuta, Nassib anapitisha ubao juu. Madebe kumi ya shambani yanakuwa kumi na moja na zaidi, na hakuna aliyeongeza punje. Ukiyarudisha shambani yatakuwa kumi tena, na hakuna aliyeiba.

"Katoni imepimwa kwa debe la kufuta," nilimwambia. "Kompyuta inapima kwa debe la kilima. Punje ni zilezile."

Theopista alichukua kalkuleta yake. Aliingiza ile namba, na tarakimu ya nane ilipokaa, mashine ikakataa nyingine. Akajaribu tena. Ikakataa.

"Haina nafasi," alisema. "Na Bwana Salvatori tukimwambia maneno matupu atasema tumepanga. Mimi simwambii, Mama Monika. Nisamehe."

"Niandikie hiyo namba."

Nikagawa mwenyewe nyumbani, mchana ule, nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji. Kugawa kurefu, kwa elfu moja ishirini na nne, mara tatu. Mara ya kwanza nilikosea nikapata upuuzi. Nikafuta, nikaanza upya. Safari hii ikatoka bila baki: 2,062,048. Nikagawa tena, ikaja 2,013 na baki. Nikagawa tena. Ikaja moja, nukta, tisa, sita.

Nilimwonyesha Lyamba aliporudi. Alifuata mistari kwa kidole, akafika chini.

"Hii inasema sikuibiwa?"

"Inasema diski ni ileile."

"Inasema hivyo kwako," alisema. "Yeye amesoma chuo."

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda kuchota maji. Niliporudi hayupo, na shati lake la kanisani halipo msumarini. Nilijua papo hapo. Nilimfunga Monika, nikachukua karatasi yangu, sikuchukua birika. Kutoka Shanwe mpaka Kashaulili nilikwenda nusu nakimbia, mtoto anagonga gonga mgongoni.

Mlango wa Bwana Salvatori ulikuwa wazi. Lyamba alisimama mbele ya meza, mikono nyuma. Bwana Salvatori alikuwa anaandika.

"…nikapitiwa na usingizi," Lyamba alikuwa anasema. "Hivyo ninakubali kuwa…"

"Mkuu, naomba usiandike bado."

Kalamu ilisimama. "Mama Monika, chai baadaye."

"Sijaleta chai."

Nikaweka karatasi ya saruji juu ya karatasi yake. Lyamba aliniambia kwa Kisukuma niache. Sikuacha. Nilieleza yote, namba ndefu, katoni, sifuri tisa. Sikuruka kitu.

Bwana Salvatori alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Kilo ni elfu," alisema kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Kilomita ni mita elfu. Kilogramu ni gramu elfu. Dunia nzima. Hii ya ishirini na nne umeitoa wapi?"

"Hata katoni inasema elfu, mkuu, kama wewe. Kompyuta ndiyo inasema nyingine."

"Nani kakwambia?"

Sikumtaja. Nilitazama sakafu. Nikasikia droo ya chumba cha pili inavutwa. Theopista aliingia na daftari lake, amelishika kwa mikono miwili.

"Ni mimi, mkuu," alisema. "Tulifundishwa hivi."

Bwana Salvatori alisoma ule ukurasa. Alikwenda kwenye kompyuta, akanakili namba ndefu kwa mkono wake, hakuamini nakala yangu. Akachukua kalkuleta, ikamkatalia kama ilivyomkatalia Theopista. Akavuta karatasi safi, akaanza kugawa.

Ilichukua muda. Lyamba hakujua kinachoandikwa, alisimama tu anatazama ukutani. Mimi nilifuata kila tarakimu kutoka upande wa pili wa meza, juu chini. Katika mgawanyo wa pili alikopa akasahau kupunguza. Nilisogeza kidole nikakiweka pembeni ya tarakimu ile, sikusema neno. Aliitazama, akaikata, akaendelea.

Alipofika kwenye nukta, tisa, sita, akaweka kalamu chini. Alitazama kioo, akatazama katoni, akarudi kwenye kioo.

"Haikupungua," alisema.

"Haikupungua," nilimwitikia.

"Lyamba. Sasa wewe ulikuwa unakubali nini hapa?"

"Kulala, mkuu," alisema Lyamba. "Nililala kweli."

Bwana Salvatori alichana yale maelezo mara mbili, akafuta neno pungufu kitabuni kwa rula akaandika kamili. "Basi yameisha," alisema. "Nenda kaendelee na kazi."

Lyamba hakuondoka.

"Mkuu, Jumatano ulisema mbele ya Silvester. Silvester akasema stesheni. Kule hawakioni kitabu chako."

Niliona shingo ya Bwana Salvatori inabadilika rangi. Kwa muda nilidhani mume wangu ameharibu kila kitu. Halafu mkuu akainuka, akachukua funguo za gari kwenye msumari, akatoka nje tukamfuata. Silvester alikuwa anafuta kioo cha gari.

"Mzigo wa Lyamba ulifika kamili," alimwambia. "Niliyekosea kupima ni mimi. Mpeleke stesheni sasa hivi, ukawaambie hivyo wale wote uliowaambia vingine."

"Mkuu, na bambo?"

"Hakuna bambo."

Nilipanda nao, Monika mapajani. Njiani nilimweleza Silvester habari ya madebe, naye hakuongea, na hiyo kwake ni kama kufunga. Stesheni makuli walikuwa wamekaa juu ya magunia wanangoja treni. Alishuka, akakohoa.

"Nyie, sikilizeni. Ile kompyuta haikuibwa kitu. Ni madebe mawili. Moja la kufuta, moja la kilima."

"Kwa hiyo hata wazungu wana lumbesa," alisema mmoja, na wote wakacheka.

"Cheka, lakini umesikia? Lyamba hakuchukua. Nilisema mimi, na nilisema uongo."

Wawili waliokuwa mbali, kwenye kibanda cha mizani, hawakusikia. Lyamba aliwaonyesha kwa kidevu. Silvester akatembea mpaka kule akarudia tena, kwa sauti. Lyamba alisimama kando ya gari mpaka wa mwisho alipoitikia kwa kichwa. Ndipo akafungua mlango akapanda.